Saa 5:35 usiku: vituo vya TV vya Marekani vinapanga kwa uoga

Ukitaka kujua kituo kikubwa cha TV cha Marekani kinaogopa nini kwa wakati huo, usihangaike na ripoti zao za hesabu, we angalia wamemweka nani kwenye tok shoo yao ya saa 5:35 usiku na wamemwahidi nani kwamba zamu yake inakuja. Watu wengi wanadhani mabosi wa NBC, CBS na ABC wanakaa mezani wanaulizana mtazamaji anataka kucheka na nani kabla hajalala. Wapi! Mi nimeifuatilia hii michezo yao muda mrefu sasa na naona swali lao ni moja tu, huyu tukimwachia ataenda kwa nani. Yaani zile tok shoo za usiku hazipangwi kwa hamu ya kumfurahisha mtu, zinapangwa kwa uoga, na ndo maana kila baada ya miaka kadhaa lazima pachimbike.

Chukua NBC na Tonight Show yao. Kipindi kilianza 1954 na Steve Allen, akafuata Jack Paar, halafu Oktoba 1962 akakabidhiwa Johnny Carson, na huyo mzee akakaa miaka 30 (thelathini!), siku anaaga Mei 1992 inakadiriwa watu kama milioni 50 walikuwa wamekodoa macho kwenye TV. Muda wote huo NBC hawakuwa na mpango wa maana zaidi ya kumbembeleza mzee asiondoke, wakamwongezea hela, wakampunguzia siku za kazi, akitaka likizo anapewa. Kuna orodha ya warithi iliwahi kuandikwa na ikaleta balaa, maana Joan Rivers, ambaye ndo alikuwa anamshikia Carson kiti akiwa likizo, aliiona na jina lake halimo. Mama akasoma upepo, 1986 akahamia kituo kipya cha Fox na kipindi chake mwenyewe cha kushindana na bosi wake wa zamani, Carson akakasirika hadi hakuongea naye tena. Fox nao hawakumvumilia hata mwaka, 1987 wakampiga chini.

Sasa Mei 1991 Carson anasimama kwenye hafla ya NBC pale Carnegie Hall anatangaza kwamba bado mwaka mmoja anaondoka, na mabosi wenyewe wakashtuka kama watu wengine. Walikuwa na wawili wa kuchagua. David Letterman, aliyekuwa anaingia hewani Carson akishamaliza tangu Februari 1982, na Jay Leno, ambaye kwa wakati huo ndo alikuwa mshika kiti, na CBS walishaanza kumnyemelea. Leno akapewa. Haya, mwaka mmoja baadaye Letterman naye ana ofa nono ya CBS mkononi, uoga ukahamia upande wa pili, mabosi wakagawanyika, wanafanya kikao kwa simu kujadili kama wamtoe Leno, na Leno mwenyewe kajibanza kwenye kijistoo jirani anasikiliza kila neno na kuandika! Sio stori ya vijiweni hii, jamaa mwenyewe alishakiri. Mtu anaongoza kipindi maarufu kuliko vyote cha usiku na ili ajue hatima ya kibarua chake inabidi ajifiche stoo. Mwisho wakamwambia Letterman sawa, kiti utapata, ila subiri hadi 1994. Akakataa (hata mimi ningekataa), na tarehe 30 Agosti 1993 akaanza Late Show ya CBS saa ile ile ya Leno. Yaani wale waliotaka kubaki na wote wawili wakawa wamejitengenezea mpinzani kwa mikono yao.

Ungedhani wamejifunza.

2004 Leno anaongoza, anampiga Letterman karibu kila wiki, na nyuma yake kuna Conan O'Brien, anayeingia hewani Leno akishamaliza, anakuja vizuri na vituo vingine vinamtaka. NBC wakaogopa kumpoteza Conan, wakamwahidi kiti cha Leno kitakuwa chake 2009, yaani miaka mitano mbele, na wakatangaza hadharani kabisa. Hebu jiweke kwenye viatu vya Leno, unafanya kazi yako vizuri, huna kosa, halafu unaambiwa mrithi wako huyu hapa, mpe mkono, bado miaka mitano. Wengi walimlaumu Leno kwa yaliyokuja kutokea, walimwita king'ang'anizi, mi simlaumu sana. Kosa lilikuwa ile ahadi. Huwezi kugawa kiti cha mtu anayeshinda kwa tarehe uliyoiokota hewani ili tu mtu mwingine asaini mkataba.

2009 ikafika na Leno bado yuko juu. Sasa wakaogopa kwamba akitoka ataenda ABC akawatandike. Suluhisho lao lilikuwa la ajabu, Conan kachukua Tonight Show Juni 1, na Leno kapewa kipindi chake saa 4 usiku, siku tano kwa wiki, kuanzia Septemba. Saa 4 ndo muda wa tamthilia kubwa, zile za polisi na madaktari, na tamthilia moja ya saa nzima ilikuwa inakula mamilioni ya dola, Leno na meza yake na kochi ni rahisi kuliko hapo mbali sana. Kwenye makaratasi hesabu inakubali kabisa.

Ila kuna kitu ambacho watu wa huku wengi hatukijui na ndo kiini cha mambo yote. NBC, CBS na ABC hawamiliki vile vituo vingi vinavyoonekana mijini, vituo zaidi ya 200 kwa kila mtandao, vingi ni vya makampuni mengine kabisa, vinapokea vipindi kutoka New York na Los Angeles halafu vinachomeka vya kwao. Saa 5 kamili usiku kwa saa za mashariki ni mali ya kituo cha mji, taarifa ya habari, nani kakamatwa, mvua itanyesha lini, timu ya nyumbani imefanyaje, na hapo ndo wanapovuna matangazo yao. Hata zile dakika 5 za ajabu, kwa nini 5:35 na sio 5:30, zilitoka hapo hapo, 1991 NBC walisogeza Tonight Show mbele ili vituo vipate nafasi zaidi ya kuuza matangazo. Na watazamaji wa usiku ni kama abiria wa daladala, wengi hawapandi kituoni kwako, walishapanda huko nyuma we unawakuta wamekaa. Kipindi cha saa 4 kikidoda, habari za saa 5 zinadoda, na wa saa 5:35 anaanza na viti vitupu.

Na vituo vililiona mapema. WHDH ya Boston, Aprili 2009, kabla Leno hajaenda hewani hata siku moja, walisema sisi saa 4 tutaweka habari zetu, hatumtaki. NBC wakawatishia kuwanyang'anya haki ya kurusha vipindi vyao, WHDH wakanywea. Miezi michache baadaye WHDH wakawa hawako peke yao, vituo vingi vinalia kwamba habari zao za usiku zimeporomoka na mwaka mpya ukiingia bila mabadiliko watajitoa wenyewe. Januari 2010 NBC wakaja na pendekezo ambalo kwa maoni yangu ndo la kioga kuliko yote, Leno arudi 5:35 kwa nusu saa, Conan asogezwe 6:05 usiku, wote wabaki, kila mtu afurahi. Mafahali wawili zizi moja. Conan akatoa tamko akagoma, hoja yake kubwa ikiwa kwamba Tonight Show ikirushwa baada ya saa 6 usiku inakuwa sio ya leo tena ni ya kesho. (Kwa mahesabu yetu waswahili saa sita na dakika tano usiku bado ni usiku ule ule, siku hatujaibadilisha, kwa hiyo kwa hilo tungeweza kumsaidia NBC kidogo.) Akalipwa, yeye na wafanyakazi wake, jumla kama dola milioni 45 aondoke, hata miezi 8 kwenye kile kiti haikutimia, na kati ya hao wafanyakazi wengi walikuwa wamehama New York na familia zao kumfuata Los Angeles. Machi 1 Leno akarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baada ya hapo palitulia. Jimmy Kimmel wa ABC alisogezwa hadi 5:35 Januari 2013, NBC wakaogopa kwamba atawabeba vijana wote, Leno akatolewa tena akiwa anaongoza, Februari 2014 Jimmy Fallon akaingia na kipindi kikarudishwa New York. Mwaka uliofuata Letterman akastaafu, Stephen Colbert akachukua. Trevor Noah naye 2015 hiyo hiyo akapewa Daily Show ya Comedy Central, kituo cha vichekesho cha kulipia, kijana wa Soweto ambaye Wamarekani wengi hawakumjua, na kusema kweli ndo uamuzi pekee kwenye hii makala yote ambao sioni uoga ndani yake. Alipoondoka Desemba 2022 mwaka mzima uliofuata wakawa wanaleta wageni wa zamu, leo huyu wiki ijayo yule, mwisho Februari 2024 wakamrudisha mzee Jon Stewart, aliyekuwa anakiongoza kabla ya Noah, siku za Jumatatu.

Sasa hivi uoga umebadilika sura. Zamani waliogopa kumpoteza mtu, leo wanaogopa kuwa naye. Matangazo ya hivi vipindi vya usiku yaliingiza kama dola milioni 439 mwaka 2018, 2024 yakawa 220, nusu nzima imeyeyuka. Watu wanaangalia klipu YouTube, hata sisi huku, Carson wa leo angekuwa anaingia hewani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu, tunamcheki kwa simu tukisubiri chai. NBC wamepambana na hilo kwa kukatakata, Fallon katolewa siku tano kabaki nne, Seth Meyers, anayeingia hewani Fallon akishamaliza, kanyang'anywa bendi. Inauma ila ni mpango, mtu katumia akili.

CBS wakafanya tofauti. Julai 17, 2025 ikatangazwa kwamba Late Show itafungwa Mei 2026, na sio kwamba Colbert anapokelewa na mwingine, kiti chenyewe kinafutwa, kile alichokianzisha Letterman. Colbert ndo alikuwa anaongoza saa ile. Wakasema ni sababu za fedha tupu, na ikaripotiwa hasara ya kama dola milioni 40 kwa mwaka. Sawa, nakubali hela haipo. Ila siku chache kabla, Colbert alikuwa ameichamba hewani Paramount, kampuni mama ya CBS, kwa kumaliza kesi waliyofunguliwa na Trump kwa kumlipa dola milioni 16, akaiita rushwa bila kupepesa macho, na Paramount wakati huo wanasubiri serikali iwape kibali cha kuungana na kampuni ya filamu ya Skydance. Kibali kikatoka wiki moja baada ya tangazo. Kwangu mimi hasara ni ya kweli lakini aliyechagua siku ya kutangaza ni uoga, maana ingekuwa hela peke yake tungewaona kwanza wakipunguza siku, wakipunguza bendi, wakihamia studio ndogo, kama wenzao. Hatukuona hata wakijaribu.

Septemba hiyo hiyo zamu ikamfikia Kimmel, na humo nikaiona 2010 ikirudi mlango wa nyuma. Kasema maneno kuhusu mauaji ya Charlie Kirk, mwanaharakati aliyekuwa upande wa Trump, na Brendan Carr, mwenyekiti wa FCC (mamlaka ya serikali inayosimamia utangazaji), akatoa vitisho, na waliotangulia kusema hatumrushi ni nani? Vituo vya mijini. Nexstar, wenye rundo la vituo vya ABC, na wao wakati huo walikuwa na faili lao la kununua Tegna, kampuni nyingine ya vituo, lililokuwa linasubiri sahihi ya FCC hiyo hiyo. ABC wakamsimamisha, Sinclair, nao wenye vituo vya ABC, wakaungana. Baada ya kelele akarudi tarehe 23, akapata watazamaji zaidi ya milioni 6 na bado karibu robo ya nyumba za Marekani hazikumwona kwenye TV zao kwa sababu vituo vyao vilikuwa bado vimegoma. Kwa hiyo Leno wa saa 4 aliangushwa na vituo vilivyoogopa kukosa hela ya matangazo, Kimmel akazimwa na vituo vilivyoogopa kukosa sahihi. Mabosi wa Los Angeles kote huko wanafuata tu nyuma.

Kinachofuata? Kimmel kaongezewa mkataba hadi Mei 2027 tu, mwaka mmoja mmoja kama mpangaji asiyeaminika. Fallon na Meyers mikataba yao ni ya hadi 2028. Mi utabiri wangu ni kwamba hutasikia tena mtu anaahidiwa kiti miaka mitano kabla, wala hakuna atakayejificha stoo kusikiliza, maana hakutakuwa na kikao. 2028 NBC watabaki na mmoja kati ya hao wawili, siku tatu kwa wiki, na ile saa ya pili watawarudishia vituo vya mijini waiuze kwa mawakili wa ajali na wauza magari.