Reli imerudi, mimi nimekoma

Jamani, mimi na hii reli tuna kesi.

Babu yangu aliishi mtaa huuhuu na alikuwa akipandia tramu, kile kitreni cha mjini kinachopita katikati ya barabara, hapa mlangoni. Wakaja wakubwa wakasema tramu zimepitwa na wakati, zinazuia magari. Reli nyingine waling'oa, nyingine wakaona uvivu, wakazifukia kwa lami. Babu alinung'unika mpaka siku anaingia kaburini. Sasa wamekuja wakubwa wapya na michoro ya rangi, eti usafiri wa kisasa unakuja! Kijiko kilipoanza kuchimba mbele ya mlango wangu, kitu cha kwanza kugonga ilikuwa reli ya babu.

Na tusidhani tumerogwa peke yetu. Paris walizifuta tramu 1938, wakazirudisha 1992. London waliziaga 1952, zikaibuka tena Croydon, kusini mwa jiji hilohilo, mwaka 2000. Sydney, 1961 na 1997. Kidogo inanipoza moyo kujua kwamba upuuzi wa mtaa wetu una wenzake.

Lakini huko kuchimba! Mimi nilidhani reli inatandikwa tu kama mkeka. Thubutu! Kwanza wanahamisha mabomba ya maji, ya majitaka, nyaya za umeme, nyaya za simu, maana reli ikishalala juu yake, siku bomba likipasuka itabidi tramu zisimame ndipo wachimbe. Na mtaa mkongwe hauna adabu: ramani inasema bomba liko kushoto, bomba lenyewe liko kulia, na kijiko kimeshalipata. Wiki ya kwanza tulikosa maji. Wiki ya pili tukayapata, sebuleni. Edinburgh, kule Uskoti, walipokuwa wanarefusha reli ya tramu hadi mtaa wa bandarini wa Leith, walikuta mifupa ya watu wa kale chini ya barabara. Nilipomsimulia fundi wetu, akashika kiuno: "Mzee wangu, usinitie mkosi, nina watoto."

Mwenye nyumba naye ana masikio ya popo. Reli haijafika, kodi imeshafika. "Tuko karibu na kituo sasa," ananiambia, huku tumesimama kwenye shimo.

Shemeji yangu na baiskeli yake ndio usiseme. Tairi jembamba likaingia kwenye ule mfereji wa reli, baiskeli ikaelekea kituoni, shemeji akaelekea kwa muuza magazeti. Nasikia dawa yake ni kuikata reli kwa kukingama, usiende nayo sambamba. Angeambiwa kabla.

Basi nikaapa mbele ya mashahidi kwamba tramu hiyo siipandi. Nina gari langu. Ni kweli linakohoa, lakini ni langu. Wakachora mstari wa njano kando ya barabara, wakasema gari lisivuke hapo. Mimi nimeegesha mahali hapo miaka ishirini, nitafundishwa na rangi?

Jumatatu gari likakataa kuwaka. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, majirani hawapo, nikavuta kofia hadi machoni, nikatembea mpaka kituo cha mbali ili nisionekane. Nikapanda. Naona aibu kusema, lakini ilikuwa safi. Kiti laini, kelele hakuna, mpaka ikifika kwenye kona ndipo magurudumu yanapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikaanza hata kumsamehe fundi.

Tulipofika usawa wa mtaa wangu, tramu ikasimama. Dereva akapiga kengele. Akapiga tena. Basi lingezunguka tu likaendelea, lakini tramu hata sentimita moja haiwezi kukwepa, inafuata reli yake kama punda kwenye kinu. Nyuma yetu ikasimama nyingine. Watu wakaanza kuchungulia dirishani.

"Kuna mtu kaacha gari, tako liko relini!"

"Mshenzi gani huyo?"

"Watu wengine hawana hata haya!"

Mama mmoja aliyeketi pembeni yangu akanigeukia: "Eti baba, huyu mtu ana akili kweli?"

"Hana, mama," nikamjibu, nikapaza sauti ili na wa nyuma wasikie. "Hana kabisa! Wavute tu hilo gari wakalitupe huko!"

Na funguo nimezikumbatia mfukoni zisilie.