Trezo amewadanganya, mimi sikubatizwa

Wapendwa, naandika mbio mbio juu ile odio ya jirani yangu Trezo, ya dakika 4, aliyoweka mu grupu ya avenyi yetu hapa Lubumbashi, ati Wamormoni walinibatiza, imeshafika mpaka Likasi. Dada yangu amenipigia leo asubuhi, hata salamu hakuna, anauliza "Ni kweli walikubatiza mu bafu?" Bafu gani? Kwetu hapa tunaogea mu beseni. Sikubatizwa. Sikulia. Na sikutoroka kupitia nyuma ya choo, nilienda choo kama mtu yeyote anavyoenda choo, nikakawia kidogo tu. Mengine aliyosema, basi, ngojeni niyaseme mwenyewe, kama ni kuchekwa nichekwe kwa mdomo wangu.

Wale vijana mnawajua. Shati nyeupe, kravati, badji nyeusi kifuani imeandikwa Elder, wanatembea wawili wawili kama viatu. Elder ni mzee, lakini mzee mwenyewe ana miaka 20, ndevu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Sisi tunawaita Wamormoni, wenyewe tangu 2018 wanaomba tuseme jina yote, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ukimaliza kulitamka chai imepoa, na hiyo chai hawanywi.

Kwanza walipita kwa Trezo. Trezo ni mwoga, hawezi kumwambia mtu hapana, akawaonyesha parseli yangu, kiwanja chetu, na kidole: "Muende kwa ule papa, ye njo anajua Biblia." Sasa hapo ndipo shetani aliingilia, juu badala ya kukataa, mimi nilifurahi. Kwa kanisa yetu mimi nasoma matangazo. Matangazo tu, harusi ya fulani, mchango wa mabati, nani amepoteza ufunguo. Lakini ukishika mikro miaka 3 watu wanaanza kukuita mwalimu, na wewe pole pole unaanza kuitika.

Nikawapa rendevu ya Jumamosi, saa 9 mchana. Usiku wa Ijumaa nilikula mega zangu zote za intaneti kwa kuangalia video za kuwapinga. Niliandika pwenti 11 kwa daftari ya mtoto. Trezo nikamwita aje kuwa shahidi, yaani nilimlipia munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, ili aje kuona aibu yangu, mnaelewa ujinga ulipofika?

Na kuna jambo Trezo hakuwaambia mu ile odio, na ndilo lenye uzito. Mama mukwe alikuwa kwetu, ametoka Kolwezi tangu wiki ile. Sisi Baluba mnajua mambo ya bukwe, humwangalii usoni, hamkai pamoja, hamuongei ovyo. Kiti chake kilikuwa nyuma ya mwembe, mgongo kwetu, anachambua matembele. Haoni kitu. Lakini anasikia YOTE. Na huyu mama ndiye alikubali kunipa binti yake, nikiwa sina kazi, kwa neno moja tu: "Kijana ni mwenye kusali."

Wakaingia. Mmoja mrefu, wa Côte d'Ivoire, anaongea Kifaransa, Kiswahili chake ni "jambo" na "asante". Mwingine mfupi, wa Bukavu, Kiswahili kimenyooka kama redio. Mke wangu akaleta termosi ya kahawa, wakakataa kwa adabu. Chai? Hapana, ni ile sheria yao ya 1833, Neno la Hekima, hakuna kahawa, chai, pombe wala tumbaku. Munkoyo je? Mfupi akauliza kama imechachuka. Trezo akajibu "Hapana" huku amevimba mashavu nayo. Wakapewa maji.

Nikaanza na pwenti ya kwanza, sauti nimeipandisha kidogo ili ivuke mwembe. "Ufunuo 22:18! Mtu yeyote akiongeza kitu! Na ninyi muliongeza kitabu mzima, Kitabu cha Mormoni! Joseph Smith, mwanzilishi wenu, Marekani, mwaka 1830, ati mabamba ya dhahabu, yako wapi hayo mabamba?" Nyuma ya mwembe nikasikia matembele yamesimama. Anasikiliza! Rohoni niliruka kwa matako kama Kidiaba, ule golikipa wa Mazembe, timu yetu ya mpira, wakati wamefunga goli.

Mfupi akafungua Biblia yake, pole pole, akasema "Papa, ni kweli imeandikwa. Tusome pia Kumbukumbu la Torati 4:2." Tukasoma. Musa naye anasema msiongeze neno. "Sasa papa, vitabu vilivyokuja baada ya Musa tutafanyaje?" Nilikohoa. Vumbi ya mwezi wa 7 inasaidia sana mtu anayetaka kukohoa.

Pwenti ya pili, "Munabatiza wafu!" Akasema ndiyo, watu walio hai wanabatizwa kwa niaba yao, mu hekalu, Kinshasa liko moja tangu 2019 na la hapa Lubumbashi lilitangazwa 2020. Halafu "Tusome 1 Wakorintho 15:29." Nikaisoma. Iko. Paulo anaongea juu ya wale wanaobatizwa kwa ajili ya wafu, mu Biblia yangu mwenyewe, ile ya harusi, na sijawahi kuiona. Nikageuza ukurasa kama mtu aliyeiona zamani na ikamchosha.

Pwenti ya tatu ilikuwa nzito. Nikamwambia mpaka 1978 mtu mweusi kwenu hakupewa ukuhani, na wewe mweusi umevaa kravati yao. Hapo kweli kulikuwa kimya. Mfupi hakukimbia, akasema "Ni kweli, papa. Hiyo inaniuma mimi pia." Tu hivyo. Ningeachia hapo ningeondoka na goli yangu moja, tungekuwa tunaongea mambo mengine leo.

Lakini sikuachia.

Mrefu akasema kitu kwa Kifaransa, mfupi akatafsiri: wao hawakuja kushinda mabishano, wananiomba nisome kitabu yao halafu niombe, nimuulize Mungu mwenyewe kama ni kweli, kama Yakobo 1:5 inavyosema, mtu akipungukiwa na hekima aombe. Nikaona mlango umefunguka! Nikasimama. Nani alinituma kusimama? Nikainua kidole, nikaongea kwa sauti ile ya matangazo:

"Kuomba tu haitoshi! Mungu alitupa kichwa! Ndiyo maana Biblia INASEMA: Jisaidie, na mbingu itakusaidia!"

Trezo akapiga makofi. Nyuma ya mwembe nikasikia "Mmm." Mama mukwe amesema mmm! Miaka 8 ya ndoa, mmm ya kwanza.

Na mfupi, uso wake umefurahi, uso wa mtoto mzuri wa shule, akatoa daftari ndogo mu mfuko wa shati, akafungua kifuniko cha biki, akaweka ncha juu ya karatasi, akasema:

"Hiyo ni nzuri sana papa. Naomba sura na mstari, niandike."

Hakuwa na ubaya. Nawaapia, nilitafuta ubaya kwa uso wake mpaka leo nautafuta, haukuwepo. Alitaka kuandika.

Nikasema "Mithali." Kwa uhakika kabisa. Akaandika Mithali, akangojea namba. Nikakaa. Nikafungua Mithali. Wapendwa, Mithali iko na sura 31, na siku ile nilizipita zote. Upepo unapiga, ukurasa unarudi nyuma, naulamba kidole, nageuza, kuku anapita chini ya kiti, biki iko juu ya karatasi. Nikapata sura ya 6, "Ewe mvivu, mwendee chungu," nikaisoma kwa nguvu nikitumaini itapita. Mfupi akasema "Hiyo naijua papa, ni ya chungu. Ile ya mbingu?" Biki haijashuka. Nikasema "Aaah, ni Yakobo." Akakata Mithali kwa mstari mmoja safi, akaandika Yakobo. Yakobo ni sura 5. Dakika 2 imekwisha, hakuna. Trezo, ule mnafiki, akainama kunipa msaada: "Jaribu Hesabu." Mu Hesabu kuna nini zaidi ya hesabu?

Nikachukua telefoni. Niko na programu ya Biblia, unaandika neno inakutafutia. Nikaandika "jisaidie". Matokeo 0. Nikaandika kwa Kifaransa. 0. Nikazima telefoni nikaiwasha tena kama kosa ni la telefoni. Jasho, na ni mwezi wa 7, watu wamevaa majaketi!

Sasa mama wa parseli ya pili, Mkatoliki, alikuwa amesimama kwa mlango tangu pwenti ya wafu, akaingilia: "Labda iko mu Biblia yetu. Sisi tuko na vitabu 73, ninyi muko na 66 tu." Alitaka kunisaidia, masikini. Lakini mimi nimetoka kupiga kelele saa nzima juu ya watu wanaoongeza vitabu, na sasa nimekaa hapo namwomba jirani anikopeshe 7. Mrefu aliangalia chini, viatu vyake. Sidhani kama alikuwa anaomba.

Na hapo ndipo binti yangu mdogo akatokea nyuma ya mwembe, ametumwa na nkambo, bibi yake, amesimama mikono nyuma kama wanavyofundishwa, akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani:

"Papa, nkambo anauliza, ile mustari mulishapata? Anataka ajue kama aweke maji ya bukari (ugali) ku moto ao tungojee kwanza."

Nisomeeni hiyo tena. Mimi naisoma kila usiku.

Sijajibu bado, mtoto wa dada yangu, wa darasa la 6, alikuwa amekaa juu ya ukuta anakula muhogo, akasema "Tonto, ile hapana ya Biblia. Ni resitasyo, ile ya kukariri ku masomo. Ni ya La Fontaine, mshairi wa Ufaransa." Nikamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Akashuka, akafunga mikono, akaanza: mwenye gari ya farasi amekwama mu matope, analia, anamwita Herkule, ule mungu wa hadithi mwenye nguvu, amtoe, sauti inatoka mu mawingu inamwambia wewe mwenyewe vunja jiwe, ondoa matope, jaza shimo, na gari ikitoka sauti inamwambia jisaidie, mbingu itakusaidia. Mrefu, yule asiyejua Kiswahili, kusikia tu La Fontaine na Herkule uso wake ukafunguka kama amekutana na mtu wa kwao, na mstari wa mwisho wakaumalizia pamoja, yeye na mtoto, kwa Kifaransa. Kumbe Abidjan pia waliikariri!

Yaani nimesimama mu parseli yangu, Biblia ya harusi mkononi, mama mukwe anasikia, nikatangaza neno ya Herkule. Nilimlaumu mtoto wa watu kwa kitabu ya 1830, yangu mimi ni ya 1668. Mazembe walipigwa 3-0 na Inter ya Milano mwaka 2010, lakini wao walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Dunia la klabu.

Mfupi alifunga biki. Ile sauti ya kifuniko, tiki. Akasema "Hakuna shida papa, ni neno zuri." Ningependa angenitukana.

Mengine napita mbio. Nilienda choo. Trezo anasema dakika 40, uongo, haikufika 25, na nilikuwa na sababu. Nilipotoka nilikuta wale vijana wamekunja mikono ya shati, wamebebea mama mukwe bido (madumu) 4 za maji toka kisima ya jirani mpaka jikoni, wanasema huduma ni sehemu ya kazi yao, halafu wakaaga. Hiyo ndiyo "maji" ya Trezo. Hiyo ndiyo "ubatizo". Kitabu waliiacha juu ya kiti changu, sijaifungua, mke wangu anaifungua nikitoka, nimeona alama ya unga.

Mama mukwe hakuniambia kitu, bukwe haimruhusu, na namshukuru aliyeianzisha. Ila alimwambia binti yake jikoni, na ukuta wetu ni wa tofali moja: "Bale batoto banajua kungojea muntu." Kesho yake akauliza wanarudi siku gani.

Kuanzia Jumapili mnaniita Pasta Lafontaine, nimeona, na wewe uliyeweka picha ya gari ya farasi kwa profili nimekuona pia, tutakutana kwa michango ya mabati.

Na Jumapili yenyewe, juu Trezo hajui hii, nawapa bure. Niko kanisani, nimekaa mstari wa pili, matangazo nimesoma vizuri, pasta wetu akapanda, mahubiri ni juu ya uvivu, yamepamba moto, akafunga Biblia, akafuta jasho, akanyosha mkono juu: "Wapendwa, Biblia inasema, jisaidie..."

Benchi nzima ya chorale iligeuka kuniangalia. Nikainama haraka kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandali.