Punda Milia wa Daktari

Jana saa moja jioni nilikuwa mwaka 1902. Nilikuwa nimefika vizuri kabisa: matope yamenipanda hadi vifundoni, vibanda vya mabati vimeegemeana kama walevi, garimoshi linapiga honi kule steshoni, na karani wangu wa reli ndiyo kwanza anakohoa amwambie yule msichana muuza maziwa kwamba halali usingizi kwa ajili yake. Mara Mama Zawadi akatokea jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Zawadi, hao watu wako wamekula?"

Nikamwambia bado, ila kuna mtama na maharagwe.

"Basi waombe watugawie. Gesi imeisha."

Karani akameza maneno yake, nami nikashuka ghorofa tatu na mtungi begani. Niliporudi, msichana alikuwa keshaondoka na maziwa yake, na mpaka ninapoandika haya hajarudi.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Naandika riwaya za kihistoria, na nakaa mtaa wa Umoja, Nairobi. Ukimwambia mtu wa ploti yetu kwamba wewe ni mwandishi wa riwaya, anakutazama kwa huruma kama uliyemwambia una kisukari. Ukiongeza "za kihistoria", anakuuliza kama umewahi kufikiria kuuza mitumba. Soja wa geti letu ananiuliza swali lilelile mwaka wa sita huu: "Mwalimu, leo hukwenda kazini?" Nami humjibu kwamba niko kazini, nimetoka tu kununua kalamu. "Eeh," husema, "pole sana, Mungu atafungua mlango." Mimi si mwalimu. Nimeshachoka kumrekebisha.

Kwenye harusi na matanga ndiko huulizwa lile swali la heshima: unapata wapi msukumo? Wanataka niseme napata kwa kutazama jua likizama. Jua Umoja huzama nyuma ya matangi ya maji, na matangi yenyewe matupu. Mji huu, kumbukeni, jina lake limetoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Siku hizi kwetu maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, yakipenda. Baridi ndiyo imebaki.

Ukweli ni kwamba msukumo wangu ulianza kwa babu, aliyekuwa mchochea makaa wa garimoshi. Alikuwa na alama za cheche mikononi, vijidoti vyeusi, na kila kidoti alikipa jina la steshoni. Hiki Voi, hiki Makindu, hiki Naivasha. Alikuwa akituambia kwamba Nairobi haikujengwa na mtu aliyetaka mji. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Mei 1899, maili 327 kutoka pwani, na mbele yao kulikuwa na mlima wa kupanda na lile bonde la ufa la kushuka. Basi wakasimama wapumue, wakashusha vyuma, wakapiga hema kwenye kinamasi. Hao ndio sisi. Watu waliosimama kupumua, wakaanza kudaiana kodi. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, baada ya kuletwa vibarua wapatao elfu thelathini na mbili kutoka India, na takriban 2,500 kati yao kufia njiani. Watoto wakisikia hadithi ya reli wanakumbuka tu wale simba wawili wa Tsavo waliokula vibarua. Watu wote hao, na wanaojulikana ni simba!

Lakini simba nao wana mvuto, siwalaumu watoto. Nikikwama kabisa, siku ambayo hata sentensi moja haisimami, huenda Makumbusho ya Reli nikalitazame behewa la Ryall. Huyu alikuwa afisa wa polisi. Juni 1900 pale Kima kulikuwa na simba anayekula watu, basi Ryall akajifungia ndani ya behewa pamoja na Wazungu wenzake wawili, yeye ashike zamu na bunduki amvizie simba. Akasinzia. Simba akaingia, akamchukua yeye mwenye zamu, akatoka naye dirishani. Nimesimama mbele ya dirisha hilo mara nyingi nikilipima kwa macho. Na kila nikirudi nyumbani usiku nikamkuta soja wetu amelala kwenye kiti chake, kofia usoni, rungu limeanguka pembeni, huwa natamani kumsimulia. Sijamsimulia, maana yeye ndiye ananifungulia geti.

Siku nyingine huenda katikati ya mji, kwenye jumba la nyaraka za taifa pale Moi Avenue, ambalo zamani lilikuwa benki. Mama Zawadi husema ndiyo maana naenda, nadhani hela bado zimo. Begi unaliacha mlangoni, unaingia na penseli na daftari kama mtoto wa darasa la pili. Unaagiza faili, unangoja. Unaletewa lundo la karatasi za rangi ya chai zilizoandikwa na karani wa Kiingereza mwenye mwandiko wa mende aliyetoka kuoga kwenye wino. Nimewahi kukaa siku nzima na faili nililodhani ni la uasi. Moyo unanidunda, nimeruka chakula cha mchana, si kwamba kilikuwepo. Kufika saa kumi nikagundua ni barua za mabwana wawili wanaobishana nani alipe mlango uliovunjika. Barua kumi na nne! Nilitoka pale nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilimwambia mtu wa boda anipeleke Victoria Street. Akaniuliza ni huko Rongai? Tom Mboya Street, ndilo jina la sasa la Victoria Street, ilikuwa hatua mia mbili kutoka tuliposimama. Alinizungusha, akanishusha pale, akanitoza mia.

Na msifikiri mtu anathamini jasho hilo. Riwaya yangu iliyotangulia ilipotoka, nilipigiwa simu na mwalimu mstaafu. Sijui namba yangu aliipata wapi. Hakusema hongera.

"Ukurasa wa themanini na nane," akasema. "Mhusika wako anakunywa chai ya Limuru mwaka 1902. Chai ilipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903. Hiyo aliyokunywa aliitoa wapi?"

Nikasema mwalimu, ni mwaka mmoja tu.

"Na akalipa shilingi. Wakati huo ni rupia, kijana wangu. Shilingi imekuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya ile florini."

Mimi kijana wake nina miaka hamsini na mbili. Lakini aliniingia. Tangu siku hiyo nilibandika karatasi ukutani, RUPIA, kwa herufi kubwa, mpaka nikamwuliza mama mboga sukuma wiki ni rupia ngapi. Akaniambia deni langu la wiki iliyopita atalipokea kwa pesa yoyote ile, hata mawe, mradi lilipwe.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mswada huu mpya una mambo mawili makubwa. Kwanza mapenzi ya karani na muuza maziwa. Hayo niliyatunga mwenyewe kwenye foleni ya Jogoo Road, ndani ya matatu, nikimsikiliza makanga akimbembeleza abiria aliyekataa kumwachia chenji ya kumi. Maneno ya makanga nikampa karani, nikamvua tu ile miwani ya jua. Pili, kuna daktari Ribeiro. Huyu sikumtunga. Rosendo Ribeiro, Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, alifika Nairobi mwaka 1900 akawa anatibu watu mji ukiwa bado matope na mahema, na alikuwa akienda kuwaona wagonjwa amepanda punda milia. Punda milia kweli, mwenye miguu minne, aliyefugwa akafugika. Si hii milia iliyochorwa barabarani ambayo matatu hazijui ni ya nini. Picha ipo, daktari kakaa juu ametulia kama mtu aliyepanda basi. Na mwaka 1902 ndiye aliyegundua tauni imeingia kwenye soko la Wahindi, akatoa taarifa, na wakubwa wakaamua dawa ni moja: wakalichoma soko.

Mhariri wangu akanipigia. Mama mwenye heshima zake, sauti ya upole.

"Mwandishi, nimesoma. Hayo mapenzi, jamani, nimelia. Mtu anaona wazi umefanya utafiti wa kina."

Nikanyamaza kama mnyenyekevu.

"Ila huyo daktari wa punda milia. Hapo umetia chumvi. Msomaji atafunga kitabu. Si umpe farasi?"

Nikamwambia dada, huyo ndiye mtu pekee wa kweli katika sura nzima. Akasema anaelewa, waandishi tunajifunga na viumbe wetu, lakini nifikirie farasi. Halafu akaniuliza, kwa upole uleule, kama kuna uwezekano wa kitabu kuwa setibuku, kile cha kusomwa na kutahiniwa shuleni, kwa sababu kisipokuwa setibuku, mwandishi, nani atakinunua?

Nikalala na hasira hiyo. Asubuhi naamka kwenda kuteka maji, nakuta kwenye ngazi panya amekufa. Mkubwa, kalala ubavu, meno nje. Mtu mwingine angemruka. Mimi nilikuwa nimeishi na tauni miezi minane: viroboto wanaotoka kwa panya aliyekufa wakitafuta mwenye damu moto, matezi kinenani, homa. Nikasimama na ndoo zangu nikaita watu. Wakatoka, mama wa chumba namba sita na kanga yake, vijana wa juu na miswaki mdomoni, msimamizi wa ploti na funguo zake. Nikawaeleza wasimguse, watoto wakae ndani. Walikuwa wakinisikiliza! Miaka sita, na ndiyo mara ya kwanza ploti hii inanisikiliza. Nikalewa sifa. Nikaongeza, "Mnacheza nyinyi. Mwaka 1902 mambo kama haya yalipoanza, walichoma soko zima!"

Sikujua msimamizi alishuka na ngapi kati ya sentensi hizo. Kumbe alishuka na moja.

Kufika saa tatu simu ikalia. Mwenye nyumba. Huwa hapigi kabla ya tarehe mbili.

"Baba Zawadi. Nasikia unataka kuchoma ploti yangu."

"Hapana, mzee. Mimi?"

"Wapangaji kumi na moja wamekusikia. Kwa sababu ya panya?"

Ikabidi nimweleze tangu mwanzo. Nikamweleza kinamasi, reli, soko, tauni, daktari alivyokuwa akipita kwa wagonjwa juu ya punda milia wake, serikali ilivyoamuru moto. Niliieleza vizuri kuliko nilivyoiandika, nasema kweli, kama si deni ningeomba anirekodi. Alikuwa kimya kabisa upande wa pili. Nikajua nimempata.

"Hayo ya kuchoma soko naamini," akasema mwishowe. "Serikali ni serikali. Lakini daktari juu ya punda milia? Baba Zawadi, una miezi miwili hujalipa, halafu unanidanganya asubuhi asubuhi?"

Nikamwambia mzee ngoja kidogo, usikate. Nikamtumia ile picha papo hapo. Nikaona ameifungua. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mama Zawadi alikuwa amesimama nyuma yangu anachungulia, na nadhani hata yeye alikuwa ameanza kuniombea.

Jibu likaingia: "Hiyo umetengeneza na kompyuta. Kodi ni tarehe tano."