Anaendesha baiskeli lakini hawezi kutembea, na hadanganyi

Juzi kwenye msiba hapa Busia niliwasikia vijana wa ukoo wakimsema baba mkubwa wangu. Njia ya makaburini si ndefu, lakini mzee alisimama kila baada ya hatua chache, akainama na kushika magoti, mwishowe akakaa kwenye jiwe kando ya barabara jeneza likimpita. "Huyu anajifanya," mmoja akasema. "Si majuzi tu tumemwona na baiskeli mpaka mpakani?" Wengine wakaitikia. Nimeshindwa kuliacha lipite.

Baiskeli hiyo wanayomshtaki nayo ndiyo inayomtetea. Katikati ya uti wa mgongo kuna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu inayoteremka miguuni. Umri ukisogea, viungo vya pingili hulika na kuota vijifupa, diski (mito laini iliyo kati ya pingili) husukumwa kuelekea ndani, kano za nyuma hunenepa, na mfereji unabana, mara nyingi zaidi kiunoni. Madaktari huuita ugonjwa huu "spinal stenosis", yaani kubana kwa mfereji wa uti wa mgongo. Mtu akisimama wima nafasi hupungua tena. Akitembea hivyo hivyo, mishipa inabanwa na kukosa damu ya kutosha: matako na mapaja yanauma, miguu inakuwa mizito, inakufa ganzi, wakati mwingine magoti yanataka kukunjika yenyewe. Akikaa au akiinama mbele, mfereji unafunguka kidogo, na baada ya dakika chache anaweza kuendelea. Sasa mtazame mtu aliye juu ya baiskeli: amekaa, na ameinamia usukani.

Kwa hiyo usishangae mzee akilima asubuhi nzima na jembe lake, kisha ashindwe kusimama kwenye foleni ya benki. Usishangae jaja (babu au bibi) anayeishi kwenye miteremko ya Elgon akikwambia kupanda ni nafuu kuliko kushuka, maana anayepanda huinama na anayeshuka hujirudisha nyuma. Usishangae shangazi akikataa kujitwika dumu la lita 20, kwa sababu uzito ule wa kichwani unaushindilia mgongo ukiwa umenyooka. Kwa macho ya jirani huo ni uvivu unaochagua kazi. Mimi nasema ni ugonjwa wenye tabia zake, na tabia hizo zinajulikana: daktari Mholanzi Henk Verbiest alizieleza vizuri mwaka 1954. Wazee wetu bado wanaitwa waongo kwenye misiba.

Na kuitwa mwongo kuna madhara. Mzee aliyechekwa njiani haendi tena msikitini, haendi sokoni, anashinda kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Misuli inaisha, pumzi inaisha, presha na sukari vinapata nafasi. Baba mkubwa alikuwa mtu wa kusalimia mji mzima kwa miguu. Leo ukimwalika mahali, swali lake la kwanza ni kama kuna pa kukaa. Naumia sana nikilisikia swali hilo.

Basi tuanzie hapo hapo, pa kukaa. Ofisi inayowaita wazee kuchukua pesa zao iweke mabenchi, na anayepanga foleni aache kuwaambia wasimame vizuri. Njiani, mwache akae kabla maumivu hayajakolea, kisha ainuke aendelee. Kutembea kidogo kidogo kwa vituo kunamfaa kuliko kulala siku nzima. Fimbo au kitembezi kiwe kifupi kiasi cha kumruhusu aegemee mbele. Baiskeli aendelee nayo, kwa kweli ni mazoezi mazuri kwake. Mtaalamu wa fiziotherapia atamwonyesha ya nyumbani: kulala chali na kuvuta magoti kifuani, kukaza misuli ya tumbo. Hayo hayahitaji kusafiri mpaka Kampala kila wiki.

Kinachonitia hofu ni duka la dawa. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kununua bila kupimwa, mwezi baada ya mwezi, inatoboa tumbo, inaharibu figo na kupandisha presha, na mfereji unabaki vile vile. Sindano za steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) za mgongoni pia zisisifiwe kupita kiasi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 400, haukuona faida ya maana ya kuongeza steroidi kwenye dawa ya ganzi baada ya wiki 6.

Upasuaji, nakubali kwa shingo upande, huwasaidia baadhi yao, hasa walioshindwa kabisa kutembea baada ya kujaribu mengine yote. Kinachopasuliwa ni mfupa na kano zinazobana. Lakini utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2015, uliwalinganisha waliopasuliwa na walioanza na fiziotherapia, na baada ya miaka 2 hali zao zilikaribiana. Nami singemwuzia mzee shamba kabla hajafanya mazoezi kwa bidii.

Apimwe lakini, asibandikwe ugonjwa huu kwa kukisia. Anayepata nafuu kwa kusimama tu bila kuinama, na baiskeli nayo inamuumiza, huenda shida yake ni mishipa ya damu ya miguu. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwa sababu kwetu kipo na kinatibika.

Na mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, choo kikimponyoka, sehemu za siri na katikati ya mapaja zikifa ganzi, au mguu ukilegea ghafla, msimkande wala kumpa dawa ya kutuliza. Tafuteni gari usiku huo huo, mmpeleke hospitali kubwa yenye madaktari wa kupasua mgongo. Mishipa iliyobanwa kiasi hicho ikicheleweshwa, huenda isirudi.