Tovuti yangu ilipata wasomaji, shida ni walichosoma

Mimi mpaka leo nasema kosa ni la seva, ile kompyuta inayotunza tovuti na kuwapa watu wanaoifungua, na nitaeleza kwa nini.

Kutengeneza tovuti si kazi jamani, kazi ni kuitoa kwenye kompyuta yako ifike kwa watu. Nilikuwa nimeokoteza HTML kidogo na CSS kidogo, zile lugha za kuandika na kupamba kurasa za mtandaoni, nikatengeneza ukurasa wa kujitangaza, picha yangu juu, kazi nilizofanya chini, rangi sasa usiseme, vitu vinateleza kutoka kushoto kwenda kulia bila sababu yoyote. Nikibonyeza faili mara mbili linafunguka kwenye brauza safi kabisa. Nikakopi ile anwani ya juu, ile inayoanza na file:///C:/Users, nikaitupa kwenye grupu la familia, "karibuni kwenye tovuti yangu". Kimya. Baadaye anko akaandika, "Mjomba, hiyo C ndo nini?"

Nikaambiwa lazima iwe kwenye seva. Sawa, nikaweka programu ya seva kwenye laptop yangu, nikapata anwani nyingine, http://localhost, hii nikamtumia rafiki yangu ambaye na yeye alikuwa anajifunza mambo hayohayo. Akajibu fasta: "Aisee kali, ila mbona umeiga yangu mpaka jina?" Nikamwambia nimekuigaje wakati wewe mwenyewe ndo umekuja kuangalia yangu, akasema jina lake liko pale juu, nikamwambia acha utani, yaani tuligombana kabisa. Kumbe localhost, au 127.0.0.1 ukipenda, ni anwani ambayo kila kompyuta inajiita yenyewe, kwa hiyo jamaa alifungua kazi yake mwenyewe, akaisifia, halafu akanishtaki mimi kwa wizi.

Basi nikalipia domeini, yaani jina la tovuti, na hostingi, yaani nafasi kwenye seva ya watu, nikashusha FileZilla, programu ya kupandishia mafaili. Ile kitu ukiifungua, kushoto kuna mafaili ya kwako, kulia ya seva, unaburuta kutoka huku kwenda kule ndani ya public_html, folda ambayo dunia nzima inaiona. Sasa mimi folda yangu iliyoitwa "website" ilikuwa pale deskitopu karibukaribu, na kitu chochote nilichokosa pa kukiweka nilikuwa natupia humo. Nikaburuta yote. Nani ana muda wa kuchambua?

Halafu ikaja habari ya DNS, ule mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, unaambiwa subiri, inaweza kufika hata saa 48, maana kuna seva huko njiani zinashikilia jibu la zamani mpaka muda wake uishe. Nikawa narifreshi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ikafunguka! Nikatuma linki kila mahali, grupu la familia, grupu la darasa, watu wa kazini, hadi watu ambao hatujasalimiana miaka.

Shangazi akawa wa kwanza. "Hongera mwanangu, Mungu akuinue. Ila hiyo barua ya kuacha kazi umeshaipeleka au bado?"

Nikajua amechanganya magrupu. Akaja binamu: "Simpo sana, nimeipenda, haina mbwembwe." Haina mbwembwe? Na vile vitu vinavyoteleza? Mwingine akasema CV_mwisho imekaa vizuri kuliko CV_mwisho_kabisa. Bado sijaelewa. Kwenye grupu la darasa tayari kulikuwa na mjadala mzito Z ni nani, wengine wanasema Zuhura, wengine Zainabu. Ndipo yule rafiki yangu wa localhost akanipigia, sauti ya mtu aliyeumizwa: "Mbona kwenye wanaonidai.txt umeniweka wa nne, na mimi nilikukopesha kabla ya hao wote?"

Miguu ikaisha nguvu.

Kilichotokea ni hivi. Ukurasa wangu wa kwanza niliuita nyumbani.html, Kiswahili safi, na mimi kila nikikagua nilikuwa naandika anwani nzima na hilo jina mwishoni, kwa hiyo kwangu mambo yalikuwa murua. Watu wengine niliwapa domeini tupu. Mtu akija na domeini tupu seva inatafuta faili la index.html, isipolipata, seva nyingine zenye adabu zinakataa tu, zinarudisha 403, yaani huruhusiwi. Ya kwangu ilikuwa na ukarimu: ikaandika "Index of /" kwa maandishi makubwa, halafu ikapanga kila kitu kilichomo, jina, tarehe, ukubwa, unabonyeza unasoma. Barua. CV zote. shairi_la_Z.docx. Madeni. Sasa hapo mwenye kosa nani?

Nikakimbilia kubadilisha jina, haraka haraka nikaandika Index.html, I kubwa, nikaipandisha upya, maana kwenye Windows herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja. Seva ni Linux, haitaki mchezo huo. Nikifungua, orodha ileile, sema sasa imeongezeka faili moja. Huku anko anaandika, "Mjomba, hili shairi beti la pili halina vina." Nikaweka i ndogo, nikafungua kwa simu, orodha bado ipo, nikataka kulia, kumbe brauza ya simu ilikuwa imetunza ule ukurasa wa zamani. Mwisho nikaongeza Options -Indexes, amri ya kuzuia orodha, kwenye .htaccess, faili la maagizo kwa seva, orodha ikafa rasmi, nikaanza kufuta mafaili moja moja.

Tovuti yenyewe ikaonekana, bila picha yangu, kwa sababu kwenye kodi niliandika picha.jpg na faili linaitwa picha.JPG. Watu wakalalamika imeharibika. Shangazi akaomba nirudishe ile ya kwanza, alikuwa hajamaliza.

Nikiwa katikati ya kufuta, ikaingia meseji ya jamaa mmoja ambaye alipotea na hela yangu zamani, simu hapokei. "Kaka, nimekutumia nusu sasa hivi, nyingine mwisho wa mwezi. Nitoe kwenye tovuti tafadhali." Kuangalia, kumbe kulikuwa na ninaowadai.txt.

Hilo sijalifuta. Nimeliwekea na linki ukurasa wa kwanza, linateleza kutoka kushoto kwenda kulia.