Furaha ya kipigo kikubwa nyumbani si ujinga

Timu ya mpira wa kikapu ikiigaragaza nyingine kwa pointi 40 au 50 ikiwa nyumbani, kinachofuata kinajulikana. Mashabiki wanatoka ukumbini wakiimba, wanatumiana picha za ubao wa matokeo, na wapo wanaoanza kutaja ubingwa. Wachambuzi nao wanawakata maini: ushindi wa pointi 50 unahesabiwa mmoja tu kwenye msimamo, mpinzani alikosa nyota wake, mechi ijayo inaanza upya. Mwishoni huja lawama nzito kuliko zote, kwamba kuendelea kushangilia mbele ya timu iliyokwisha kuanguka ni kukosa utu.

Hoja hizo si za kupuuzwa. Tatizo langu nazo ni kwamba zinamchukulia shabiki anayefurahia kipigo kikubwa kama mtu anayetabiri au anayedharau, na mara nyingi hafanyi lolote kati ya hayo.

Tuanze na mechi inayoshikilia rekodi ya tofauti kubwa zaidi ya pointi katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Tarehe 2 Desemba 2021, mjini Memphis, Grizzlies waliwafunga Oklahoma City Thunder 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73 iliifuta ile ya 68, ambayo Cleveland Cavaliers waliiweka dhidi ya Miami Heat Desemba 1991. Thunder siku hiyo hawakuwa na nyota wao Shai Gilgeous-Alexander wala Josh Giddey, na jambo hilo lilirudiwarudiwa kana kwamba watu wa Memphis hawakuliona.

Lililosemwa kwa nadra ni hali ya Memphis wenyewe. Siku sita kabla, kwenye ukumbi uleule, Atlanta Hawks waliwachapa 132 kwa 100, na Ja Morant, mchezaji aliyebeba matumaini ya mji mzima, akatoka akiwa ameumia goti. Kabla ya hapo, mwezi uleule wa Novemba, Minnesota Timberwolves walikuwa wamewapiga 138 kwa 95. Kwa hiyo shabiki aliyekata tiketi ya mechi ile ya Thunder aliingia na hofu. Nyota hayupo, ulinzi unavuja, na msimu unaweza kuharibika kabla ya Krismasi. Halafu inafika mapumziko, anatazama ubao na kukuta 72 kwa 36. Timu yake ina mara mbili ya pointi za mgeni, bila Morant. Kelele zilizofuata zilikuwa za mtu aliyeshusha mzigo. Anayezisikia kama majivuno ameanza kuitazama hadithi katikati.

Hiyo 36 ya mapumziko naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu kila mara watu huuliza: kwa nini hawakuacha pale? Mechi si ilikwisha? Rekodi ya NBA ya timu kutoka nyuma na kushinda ni pointi 36 hasahasa. Utah Jazz waliifanya tarehe 27 Novemba 1996 dhidi ya Denver Nuggets: waliachwa kwa 36 katika robo ya pili, wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 70 kwa 36, na mechi ikaisha wakiwa mbele 107 kwa 103. Kwa maana hiyo, uongozi waliokuwa nao Memphis baada ya nusu ya kwanza ni uleule ambao mchezo huu ulishawahi kuufuta. Na tofauti ya 73 ilikuja sawasawa katika sehemu zote mbili, 36 kabla ya mapumziko na 37 baada yake, ingawa sehemu ya pili ilikuwa zaidi mikononi mwa wachezaji wa akiba. Mtu anayetaka kulaumu tamaa ya wazoefu atawakuta wamekaa kwenye benchi na taulo mabegani.

Atakayesema hakuna uongozi wa namna hiyo unaopotea siku hizi, aitazame tena Memphis hiyohiyo. Aprili 2025, mchezo wa tatu wa raundi ya kwanza ya mtoano, Grizzlies wakiwa nyumbani waliongoza kwa pointi 29 dhidi ya Thunder haohao. Morant akaumia nyonga kabla ya mapumziko, na mechi ikaisha Thunder 114, Grizzlies 108. Waliokuwa ukumbini wanajua kwa nini mtu huendelea kupiga kelele timu yake inapoongoza kwa 30.

Sasa upande wa pili, na hapa wachambuzi wana mifano ya kuumiza. Tarehe 27 Mei 1985, mchezo wa kwanza wa fainali, Boston Celtics waliwasambaratisha Los Angeles Lakers 148 kwa 114 kwenye ukumbi wa Boston Garden. Scott Wedman wa Celtics alitupa mara 11 na zote 11 zikaingia. Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa Lakers, akiwa na miaka 38, aliambulia pointi 12 na rebaundi tatu, yaani mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa, na watu wakasema mzee amekwisha. Katika mchezo wa pili Kareem alifunga 30 na kuchukua rebaundi 17, Lakers wakashinda, na fainali ile ilimalizikia hukohuko Boston, katika mchezo wa sita, Lakers wakiwa mabingwa na Kareem akichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Kutangulia si kufika.

Uko mfano wa zamani zaidi na mkali zaidi. Machi 1956, Minneapolis Lakers waliwafunga St. Louis Hawks 133 kwa 75 katika hatua ya mtoano. Tofauti hiyo ya pointi 58 ilidumu peke yake kileleni mwa rekodi za mtoano hadi 2009, Denver Nuggets walipoifikia. Lakini Hawks ndio waliosonga mbele: mechi nyingine mbili za raundi ile walizishinda kwa pointi moja moja, zote 116 kwa 115. Pointi 58 upande mmoja, pointi mbili upande mwingine, na mbili zikashinda.

Anayesema kipigo kimoja hakithibitishi kitu, basi, anasema kweli. Kocha naye ana haki ya kuogopa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na timu iliyoshinda kwa 40 huweza kusahau kwamba mitupo yake ya pointi tatu iliingia siku ile kuliko kawaida yake. Mitupo ya mbali ina siku zake. Timu inayotegemea tatu kwa wingi itapata usiku kadhaa kwa mwaka ambao kila kitu kinaingia, na usiku mwingine ambao hakuna kinachoingia, na ulinzi mbovu unaweza kujificha nyuma ya usiku ule wa kwanza.

Lakini nani aliyesema shabiki anathibitisha kitu? Hapo ndipo nadhani wachambuzi wanajibu swali ambalo hawakuulizwa. Mchambuzi anatazama msimu wa mechi 82 na anataka kila mechi imwambie jambo kuhusu ile inayofuata. Mwenye tiketi hana 82. Timu yake inacheza nyumbani mara 41, na yeye anaweza kumudu mbili, tatu, pengine moja. Mechi nyingi anazohudhuria atazitumia akiwa amekunja ngumi, akihesabu sekunde, akiomba mtupo huru wa mwisho uingie. Usiku ambao robo ya nne inaanza timu yake ikiwa mbele kwa 35 ni usiku pekee anaoweza kuegemea kiti na kuutazama mchezo wenyewe, pasi inavyotembea, mrefu anavyojipanga chini ya kikapu, kijana mgeni anavyotetemeka kabla ya mtupo wake wa kwanza.

Na huyo kijana ndiye sababu ninayoithamini kuliko zote. Dakika za lala salama za mechi iliyokwisha kuamuliwa zinadharauliwa kwamba hazina maana, ilhali ndizo dakika ambazo mtu wa mwisho kwenye orodha anavua fulana ya mazoezi. Amefanya mazoezi na timu mwaka mzima, amesafiri nayo, na jina lake halijatajwa na mtangazaji kwa wiki nzima. Ukumbi unajua. Tazama kinachotokea anapopata mpira pembeni kabisa, nyuma ya mstari wa pointi tatu: watu wanasimama kabla hajatupa, na wale watano walioanza mechi, magoti yao yamefungwa barafu, wanasimama pamoja nao. Ukiingia, wazoefu wanaruka kuliko walivyoruka kwa vikapu vyao wenyewe. Brian Scalabrine, mchezaji wa akiba aliyecheza Boston na baadaye Chicago, aliitwa kwa jina na ukumbi mzima mechi zilipokuwa zimeshaamuliwa, mpaka kocha amwingize. Katika mechi ile ya 152, Santi Aldama, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza NBA, alifunga pointi 18. Shangwe za namna hii zinamwelekea mtu wa nyumbani aliyesubiri, na aliye upande wa pili wa uwanja hayumo ndani yake. Ndiyo maana lawama ya kukosa utu huwa naiona imepotea njia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zipo tabia za kulaumiwa. Kumzomea mchezaji wa ugenini aliyeumia, kumtukania familia, kumkejeli kocha anayetembea kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, hayo ni mabaya kwa pointi 50 kama yalivyo mabaya kwa pointi mbili. Kuhusu wachezaji, mchezo una adabu zake zisizoandikwa. Timu inayoongoza sana ikishika mpira mara ya mwisho, mchezaji huudunda tu mpaka muda uishe. Nje ya hapo sheria yenyewe haiwaachi wapumzike. Tangu 1954 timu ina sekunde 24 za kutupa, na sheria hiyo ililetwa kwa sababu timu zilikuwa zinakaa na mpira na kuua mchezo. Mwaka 1950 Fort Wayne Pistons waliwahi kuwashinda Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Kumtaka mtu aache kufunga akiwa na robo nzima mbele yake ni kumtaka arejee huko, na kwa mpinzani sioni heshima yoyote katika kuchezewa nusu nusu.

Mahali ambapo mimi mwenyewe nasita ni pale tofauti ya pointi inapogeuzwa kuwa sarafu. Katika kombe la katikati ya msimu ambalo NBA ililianzisha 2023, timu zikilingana kwenye kundi tofauti ya pointi hutumika kuzitenganisha, jambo lililozoeleka kwenye mashindano ya kimataifa. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, Boston Celtics walihitaji kuwashinda Chicago Bulls kwa angalau 23. Wakiwa mbele sana nyumbani, kocha Joe Mazzulla aliwaagiza vijana wake wamfanyie faulo makusudi Andre Drummond wa Bulls, anayejulikana kwa kukosa mitupo huru. Walishinda 124 kwa 97 na kusonga mbele, huku kocha wa Bulls, Billy Donovan, akionekana wazi kukasirika. Namwelewa Donovan. Kumsimamisha mtu mmoja kwenye mstari mbele ya maelfu ili akose, mechi ikiwa imeshakwisha, hakupendezi. Ila mashabiki waliokuwa wakihesabu kwa sauti kila pointi usiku ule walikuwa wanafuata mashindano kama yalivyopangwa. Malalamiko yaende kwa walioandika kanuni.

Na hata kwenye suala la utabiri, wenye furaha hawako mbali na ukweli kama wanavyoambiwa. Mechi moja haisemi mengi, lakini wastani wa tofauti ya pointi kwa msimu mzima husema. Thunder wa msimu wa 2024/25 waliwazidi wapinzani wao kwa wastani wa pointi 12.9 kwa mechi, wakaipita ile 12.3 ya Los Angeles Lakers wa 1971/72, na timu zote mbili zilichukua ubingwa. Wastani wa aina hiyo haujengwi na ushindi wa pointi tatu tatu; unajengwa na usiku mwingi wa kugaragazana. Mmoja wa usiku huo, mtoano ulipoanza Aprili 2025, ulikuwa 131 kwa 80 mjini Oklahoma City. Waliofungwa ni Grizzlies. Luguentz Dort wa Thunder alikuwa uwanjani Memphis siku ya kipigo cha 73, na Mark Daigneault alikuwa kocha wake siku zote mbili.

Sasa mtazame shabiki wa Minnesota wa mwaka huohuo. Fainali ya kanda ya magharibi, timu yake imeshapoteza mechi mbili ugenini dhidi ya Thunder. Tarehe 24 Mei wanarudi Minneapolis, mapumziko ubao unasoma 72 kwa 41, Anthony Edwards anamaliza na pointi 30, matokeo 143 kwa 101. Wataalamu walionya kwamba hiyo ni mechi moja, na walisema kweli: mchezo wa nne Timberwolves walifungwa hapohapo nyumbani 128 kwa 126, na wa tano wakapigwa ugenini 124 kwa 94, msimu ukaisha. Katika mechi tano za fainali ile, mji ule ulipata ushindi mmoja, nao ulikuwa huo wa pointi 42. Kama wangesikiliza ushauri wa kungoja kwanza waone itakavyokuwa, wangemaliza mwaka bila kuushangilia hata huo mmoja.