Usile, usile, usile: mwenye kinga dhaifu ale nini?

Dada yangu alipoanza kuwekewa dripu za saratani tulipewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mistari minne: asile vitu vibichi, asile matunda, asinywe maziwa, asile chakula cha nje. Nesi aliyetupa alikuwa mpole, ila foleni nyuma yetu ilifika mlangoni na hakuwa na nafasi ya maelezo. Tuliibandika kwenye kabati la vyombo, tukaitii kama amri. Baada ya dripu tatu dada alikuwa ameshuka kutoka kilo 61 hadi 53, na ya nne ikaahirishwa kwa sababu mwili ulikuwa umelegea mno. Karatasi ililenga kumkinga na maradhi ya tumbo. Hayo hayakumpata. Kilichompata ni njaa, ndani ya nyumba yenye chakula.

Upande wa makatazo una hoja nzito, na naanza nao kwa heshima yote. Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana haraka, nzuri na mbaya kwa pamoja, zikiwamo chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa kwenye uboho. Mara nyingi hesabu hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Zile zinazopambana na bakteria zikipungua chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu, mgonjwa yuko hatarini kwelikweli. Kidudu ambacho kingemharisha mtu mzima wa afya siku mbili kikapita, kwake huvuka utumbo na kuingia kwenye damu. Utumbo wenyewe nao umechubuliwa na dawa, kama mdomo unavyojaa vidonda.

Chukua salmonela. Barani Afrika kuna aina zake, mbali na ile ya taifodi, zinazoingia kwenye damu za watoto wenye utapiamlo au malaria na za watu wazima wenye VVU wasiotibiwa. Mara nyingi haziji na kuhara. Huja na homa tupu, nyumbani tukasema ni malaria, tukanunua dawa dukani. Halafu kuna listeria, ambayo baridi ya friji haiizuii kuzaliana. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa listeria mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani: zaidi ya wagonjwa 1,000 na vifo zaidi ya 200, chanzo kikiwa poloni, ile nyama ya kusaga iliyopikwa kiwandani ambayo watu hukata na kula bila kuipasha moto. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wachanga wengi, na miongoni mwa waliougua walikuwamo wajawazito na wenye kinga iliyodhoofika. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilisema chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 91 waugue na kuua 137,000 kila mwaka katika kanda yake ya Afrika. Kwa hiyo daktari anayesema "usile vibichi" hatishi watu bure.

Lakini zuio hili lina historia, na historia yake haikuanzia kwenye ushahidi. Lilishika kasi miaka ya 1970, hospitali za nchi tajiri zilipokuwa zikiwaweka wagonjwa wa saratani ya damu kwenye vyumba vya peke yao na kujaribu kuondoa kila kijidudu kinachowazunguka, hata kwenye sahani. Lilionekana jambo la akili tu, likaandikwa kwenye miongozo, likarithiwa. Lilipokuja kupimwa kwa makini, halikuonyesha faida iliyotarajiwa. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 153 wa saratani ya damu waliogawanywa kwa kura: kundi moja lilikula vilivyopikwa tu, jingine likaruhusiwa matunda na mboga mbichi. Waliopata maambukizi makubwa walikuwa asilimia 29 upande wa vilivyopikwa na 35 upande wa vibichi, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema vibichi ndivyo vilivyoleta madhara, na vifo havikutofautiana. Mwaka 2018 utafiti wa watoto 150 wenye saratani Marekani ukaona maambukizi kwa asilimia 35 ya waliokatazwa vibichi na 33 ya waliofuata tu kanuni za kawaida za usafi wa chakula. Mwaka 2023 Waitaliano, wakiwa na wagonjwa 222 waliopandikizwa chembe za uboho, nao wakaona kwamba kulegeza masharti hakukuongeza maambukizi.

Je, tuchane karatasi zetu? Hapana, na hapa natofautiana na wanaochukua tafiti hizo nzima nzima na kuzileta kwetu. Wagonjwa wa Houston walikuwa kwenye vyumba ambavyo hata hewa yake inachujwa, katika mji ambao maji ya bomba yanakunywika. Sisi tunanunua mchicha ambao pengine ulimwagiliwa kwa maji machafu ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tunauosha kwa maji ya dumu, kwenye beseni lililofulia nguo asubuhi. Kachumbari ya pale kwenye chipsi, nyanya zikikatwa kwa kisu kilichotoka kukata nyama mbichi, haijapimwa na utafiti wowote kati ya hiyo mitatu.

Ila nilipokaa kuzitazama sufuria zetu wenyewe, nikagundua jambo ambalo karatasi ile haikulifikiria. Mboga zetu karibu zote hupikwa. Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga, bamia: nani hula vibichi? Ukiondoa kachumbari na kabichi ya kuchanganyia, zuio la mboga mbichi halitugharimu kitu, na mgonjwa alishike bila kinyongo mpaka damu yake itulie. Matunda ni habari nyingine. Yetu mengi Mungu ameyavisha ganda: ndizi, chungwa, embe, papai, nanasi, parachichi, tikiti. Tunda la ganda ukiliosha zima kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kisu kuligusa, ukalimenya kwa mikono iliyopita kwenye sabuni, likaliwa saa ileile, hatari yake ni ndogo mno ukilinganisha na anachokosa mtu mwenye vidonda vya mdomo ambaye wali haumpiti kooni lakini papai linateleza. Kuosha kabla ya kumenya ndiko watu wengi hukuruka, kwa kuwa ganda linatupwa. Kisu hupita kwenye ganda kwanza, kikabeba uchafu wa soko zima na kuuzamisha kwenye nyama ya tunda.

Lile tunda lililokatwa tayari stendi, likafungwa kwenye nailoni na kunyunyiziwa maji yang'ae, libaki kwenye orodha ya makatazo. Vivyo hivyo juisi mbichi ya bitiruti na rozela inayouzwa kwa chupa zilizotumika, ambayo jamaa humletea mgonjwa "aongeze damu". Upendo wao naujua. Nilimwaga chupa mbili kimyakimya, na ningemwaga tena.

Maziwa nayo yalionewa. Maziwa mabichi ni hatari ya kweli, yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Lakini maziwa yaliyochemka yakafura ni chakula bora kwa mtu anayekonda, na karatasi isiyotofautisha mabichi na yaliyochemshwa inamnyima protini mgonjwa ambaye nyama haimvutii. Yai pia: jicho la ng'ombe lenye kiini kinachotiririka, hapana, yai mbichi lililokorogwa na asali ili kusafisha kifua, hapana kabisa, yai la kuchemsha hadi kiini kikauke, ndiyo, na mawili kama anayaweza. Kitimoto au mishkaki yenye wekundu katikati irudi jikoni.

Linalonisumbua zaidi ni kile ambacho neno "kilichopikwa" linakificha. Siku za kulazwa, mama alikuwa akiamka saa 11 alfajiri kupika wali na mchuzi wa kuku, kwa kuwa saa 2 lazima awahi daladala. Wali uliingia kwenye hotipoti, hotipoti ikafungwa kwa kanga, ikapakatwa njia nzima. Ilifunguliwa saa 7 na nusu mchana. Nakumbuka kifuniko kilivyonyanyuliwa na mvuke usitoke. Wali ulikuwa vuguvugu kama kiganja cha mkono. Karatasi ilikuwa imetiiwa kikamilifu, hakuna kibichi hata kimoja, lakini kile ndicho chakula cha hatari kuliko vyote alivyokula mwezi ule. Mbegu za bakteria aitwaye basilasi hustahimili kuchemka kwa wali, na wali ukikaa kwenye uvuguvugu huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto upya haiondoki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama, linataka chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila baridi, na kama kinangoja kuliwa kibaki cha moto, juu ya nyuzi 60. Hotipoti nzuri iliyopashwa kwa maji ya moto kwanza inaweza kushika joto hilo saa kadhaa. Ile yetu ya harusi ya zamani, iliyopoteza mpira wa kifuniko, haikuweza. Kiporo cha asubuhi, ambacho sote tumekulia, kwa mgonjwa huyu kisubiri.

Na moto hauponyi kila kitu kwa namna nyingine pia. Uji wa lishe, ambao kila anayekuja kuona mgonjwa huusifu, husagwa kwa mahindi, ulezi, soya na karanga. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hutoa sumukuvu, ambayo uji uchemke namna gani haiishi. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu katika maeneo ya Makueni na Kitui yaliua watu 125. Kwa hiyo uji wa mgonjwa unaanzia kwenye ungo: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizotoboka zitupwe moja moja kabla ya kwenda mashineni. Ni kazi ya nusu saa tu kwa watu wawili wanaopiga soga.

Wagonjwa waliopandikizwa figo, kazi iliyoanza kufanyika hospitali ya taifa ya Muhimbili mwaka 2017, wana katazo lao ambalo usafi hauhusiki nalo: balungi. Hupandisha kiwango cha dawa zao za kuzuia mwili usikatae figo, mpaka zikageuka sumu. Hilo halina mjadala, na nalitaja ili isionekane natetea kula chochote.

Kisha kuna sinia. Kwetu watu hula pamoja, na kumtengea mtu sahani yake kuna historia chungu. Wengi tunakumbuka miaka ambayo mwenye virusi alitengewa kikombe na kijiko, kana kwamba maradhi yale yanapita kwenye vyombo. Hayapiti. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani akiambiwa ale peke yake, moyo wake hausikii habari za chembe nyeupe, unasikia kutengwa, na aliyevunjika moyo hali. Hata hivyo mikono saba kwenye sinia moja ni mikono saba, hoja ya usafi ipo. Nyumbani tulipata njia: dada alipakuliwa wa kwanza, kutoka sufuriani, kabla ya mwiko kugusa kitu kingine, akakaa palepale mkekani pamoja nasi. Kila aliyeingia alinawa kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, wajomba wakiwamo. Hakuna aliyetangaziwa sababu.

Gharama pia isemwe. Kuchemsha maji ya kunywa kila siku kunakula mkaa, na nyumba iliyokwisha kuuza kitu ili kulipa vipimo haina mkaa wa kuchezea. Dawa ya klorini ya kutibu maji hugharimu kidogo kuliko mkaa huo, na ingefaa igawiwe pamoja na vidonge vya kichefuchefu.

Karatasi moja haiwezi kuwafaa wagonjwa wote. Mtu mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri, virusi vimefifia na CD4, zile chembe za kinga ambazo virusi huzishambulia, zimepanda, hayuko mahali alipokuwa dada yangu siku ya kumi baada ya dripu. Kumpa makatazo yaleyale kwa maisha yake yote ni kumnyima chakula bila sababu, wakati miongozo ya Shirika la Afya Duniani ilishasema mwili wake unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 10 hata akiwa hana dalili, na asilimia 20 hadi 30 anapougua. Anachohitaji ni usafi uleule unaotufaa sote. Mwenye CD4 chini ya 200 ndiye wa kuchungwa kama mgonjwa wa dripu, mpaka zipande.

Na hapo ndipo kosa kubwa la karatasi yetu lilipokuwa: haikuwa na tarehe. Haikusema makatazo yanaanza lini, yanakaza siku gani, yanaisha lini. Dada alimaliza dripu mwezi wa nne. Mwezi wa kumi na mbili maembe yalijaa barabara nzima ya kwetu, naye bado alikuwa akiyapita. Siku ya kliniki daktari mwingine aliangalia majibu ya damu, akauliza anakula matunda gani, dada akamwambia alikatazwa. Daktari akapekua faili nyuma hadi mbele. "Hesabu yako ilirudi sawa tangu mwezi wa sita, mama," akamwambia. "Hukuambiwa?"